Wanawake na ukasisi katika Kanisa Anglikana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefundisha darasa la kipaimara katika parishi yetu, magharibi mwa Kenya, kwa zaidi ya miaka 15, na sikumbuki mwaka ambao swali la wanawake madhabahuni halikuzuka. Vijana huliuliza darasani, wazee huliuliza chini ya mwembe baada ya ibada, na siku hizi huniingia kwenye simu hata usiku. Nimeona heri niyaweke majibu mahali pamoja.

Mimi ni mlei, si kasisi. Ninaamini kwa moyo wote kwamba Mungu huwaita wanawake kwenye huduma hii, nami nalisema hilo mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi. Wanaoamini vinginevyo ni ndugu zangu. Tumeimba pamoja na tumezika pamoja, na hoja zao nitajitahidi kuzieleza kama ambavyo wao wenyewe wangezieleza.

Je, Kanisa Anglikana linaruhusu wanawake kuwa makasisi, au haliruhusu?

Inategemea uko wapi. Ushirika wa Anglikana una majimbo 42, na kila jimbo linajitawala. Hatuna Papa. Askofu Mkuu wa Canterbury anaheshimiwa, anaalika maaskofu wenzake kwenye mkutano wa Lambeth, lakini hana uwezo wa kuiamuru sinodi, yaani baraza kuu la kanisa, ya Kenya wala ya Nigeria. Kwa hiyo kila jimbo limeamua kwa wakati wake na kwa njia yake.

Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Congo na Afrika Kusini zina makasisi wanawake. Nigeria haina. Tanzania kila dayosisi, yaani eneo la askofu mmoja, hujiamulia. Ndiyo maana mtu anaweza kulelewa Kisumu akidhani jambo hili liliisha zamani, kisha akahamia kwingine akakuta bado ni moto.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba daraja ni tatu: ushemasi, ukasisi na uaskofu. Yako majimbo yanayompa mwanamke daraja la kwanza tu, mengine mawili ya kwanza, mengine yote matatu. Watu wawili wanaweza kubishana saa nzima kumbe mmoja anazungumzia ukasisi na mwenzake uaskofu.

Mwanamke wa kwanza kuwa kasisi alikuwa nani?

Florence Li Tim-Oi, Mchina wa Hong Kong, aliyezaliwa 1907. Hadithi yake huwa naisimulia polepole, kwa sababu inajibu maswali mengi kuliko hoja zangu zote.

Alipewa ushemasi mwaka 1941 na Askofu Ronald Hall, akapelekwa Macau, koloni la Wareno lililokuwa limejaa wakimbizi wa vita. Desemba mwaka huo Wajapani waliiteka Hong Kong. Makasisi hawakuweza tena kuvuka kwenda Macau kuwahudumia waumini. Kanisa likabaki na shemasi mmoja mwanamke, na watu wenye njaa, wanaozika kila kukicha, wanaotaka kushiriki Meza ya Bwana. Kwa muda askofu alimruhusu aongoze Ushirika Mtakatifu akiwa bado shemasi. Lakini jambo hilo halikumtulia moyoni, maana kwa utaratibu wetu kazi hiyo ni ya kasisi. Basi mwaka 1944 wakakutana katika sehemu ya China ambayo Wajapani hawakuwa wameishika, na tarehe 25 Januari, sikukuu ya kuongoka kwa Mtakatifu Paulo, Hall akamwekea mikono kuwa kasisi.

Hall hakuwa mwanaharakati. Alieleza mwenyewe kwamba hakufanya hivyo ili kupigania haki za wanawake, bali kwa sababu hakutaka ubaguzi wowote uwanyime watu wa dayosisi yake sakramenti. Aliona karama ya ukasisi tayari iko ndani ya huyu mama, naye akaitambua tu.

Vita vilipokwisha, wakubwa wa kanisa waliikataa hatua hiyo. Mwaka 1946 Li Tim-Oi alirudisha leseni yake ya kuhudumu kama kasisi ili askofu wake asisumbuliwe. Leseni aliirudisha, daraja lenyewe hakulikana kamwe. Baadaye chini ya utawala wa Kikomunisti makanisa yalifungwa, akapelekwa kufanya kazi shambani, na wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni alilazimishwa kuyakatakata mavazi yake ya ibada kwa mkasi, kwa mikono yake mwenyewe. Nikifika hapo darasani huwa kimya. Alikuja kuhudumu tena kama kasisi baada ya miaka mingi, akahamia Canada, akafariki Toronto mwaka 1992.

Nimesikia jambo hili lilipitishwa Kenya. Ni kweli?

Ni kweli kwa namna fulani, na nashangaa Wakenya wengi hawalijui. Mwaka 1971 Baraza la Ushauri la Anglikana lilifanya mkutano wake wa kwanza kabisa Limuru, kule kwenye baridi na majani ya chai. Askofu Gilbert Baker wa Hong Kong, aliyempokea Hall kiti, alitaka kujua: akiwawekea wanawake mikono kwa idhini ya sinodi yake, je, wenzake watamtenga?

Baraza likapiga kura. Waliosema hatua hiyo itakubalika walikuwa 24, waliokataa 22. Tofauti ya kura mbili. Tarehe 28 Novemba mwaka huohuo, Jumapili ya kwanza ya Majilio, Baker aliwawekea mikono Jane Hwang na Joyce Bennett. Hao ndio wa kwanza kufanywa makasisi kwa baraka za sinodi na kwa kujulikana na Ushirika mzima.

Kila nikipita Limuru kwa gari nakumbuka zile kura mbili.

Lakini haya si mambo ya Wazungu tuliyoletewa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kwa kawaida huulizwa na mtu aliyekwisha kukata shauri. Naomba tuangalie tarehe.

Wa kwanza alikuwa Mchina, mwaka 1944. Hapa kwetu Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alimwekea mikono Lucia Okuthe mwaka 1983. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliwawekea mikono wanawake watatu. Kivengere alikuwa mtu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, wale Balokole wa Tukutendereza, mhubiri aliyekimbia nchi wakati wa Idi Amin baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa. Nani atamwambia Kivengere kwamba alikuwa mlegevu wa Maandiko? Jimbo la Kenya kwa ujumla wake liliruhusu mwaka 1990.

Uingereza je? Uingereza, kule tunakodhani jambo hili limetoka, iliwafanya wanawake wake wa kwanza kuwa makasisi tarehe 12 Machi 1994, katika kanisa kuu la Bristol. Walikuwa 32. Watu wa Maseno Kusini na Kigezi walikuwa wamekwisha kupokea mkate na divai kutoka mikononi mwa mwanamke zaidi ya miaka kumi kabla ya Bristol.

Ningeongeza jambo moja. Ambaye ameishi katika kanisa la Afrika anajua nani huliamkia. Umoja wa Akina Mama ndio wanaotembelea wagonjwa, wanaokesha na wafiwa, wanaochanga fedha za mabati. Na desturi ya kumzuia mwanamke asiguse kikombe haikutoka kwa babu zetu. Ilikuja na wamisionari pamoja na kikombe chenyewe.

Paulo alikataza waziwazi. Mnamfanya nini Paulo?

Hatumruki. Tumsome.

Katika 1 Timotheo 2:12 anasema hampi mwanamke ruhusa ya kufundisha wala kumtawala mwanamume. Katika 1 Wakorintho 14:34 anasema wanawake wanyamaze katika kanisa. Ndugu zetu wanaopinga wanasisitiza kwamba Paulo hajengi hoja yake juu ya desturi ya wakati ule, bali juu ya uumbaji: Adamu ndiye aliyeumbwa kwanza, kisha Hawa. Hoja hiyo ina uzito, na mtu anayeishikilia hastahili kuitwa mshamba.

Lakini Paulo huyohuyo, katika barua ileile ya Korintho, sura ya 11, anaeleza jinsi mwanamke anavyopaswa kujifunika kichwa *anapoomba au kuhutubu*. Hawezi kuweka utaratibu wa kunena kisha akamaanisha kwamba hakuna kunena kabisa. Tena Timotheo alikuwa Efeso alipoandikiwa. 1 Timotheo 1:3 inasema hivyo. Sasa fungua Matendo 18 uone nani alikuwa akifundisha Efeso. Priskila, pamoja na mumewe Akila, walimchukua Apolo, mtu hodari wa Maandiko, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mwanamke akimfundisha mwanamume, katika mji uleule, na kitabu cha Matendo hakina neno la kumlaumu.

Kisha kuna Fibi. Darasani huwa nawaomba vijana waweke kidole kimoja kwenye Warumi 16:1 na kingine kwenye Wafilipi 1:1. Katika Biblia yetu ya zamani ya Kiswahili, ile ya Muungano, Fibi anaitwa "mhudumu" wa kanisa lililoko Kenkrea. Wale wa Filipi wanaitwa "mashemasi". Ukienda kwenye Kiyunani neno ni lilelile moja. Kwa wanaume wafasiri waliliacha kuwa cheo. Kwa mwanamke wakalifanya kuwa kazi. Siwalaumu, walikuwa watu wa wakati wao na kazi yao ya kutafsiri imenilea. Lakini vizazi vingapi vya mabinti vimesoma mstari huo bila kujua?

Mistari michache baadaye, Warumi 16:7, yupo Yunia, anayetajwa kuwa maarufu miongoni mwa mitume. Yohane Krisostomo, mhubiri mkubwa wa karne ya 4 ambaye Kiyunani kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa, alimsoma Yunia kuwa mwanamke na akamsifu kwa kuhesabiwa mtume.

Yesu alichagua mitume 12, wote wanaume. Hilo halitoshi?

Kwa Waanglikana wenye mapokeo ya Kikatoliki hii ndiyo hoja kuu. Wanasema kasisi mezani anasimama mahali pa Kristo, na Kristo alikuwa mwanamume. Wanasema pia kwamba ukasisi si mali yetu peke yetu: tuliurithi pamoja na Roma na Waorthodoksi, hivyo jimbo moja halina mamlaka ya kubadili kilicho cha kanisa zima. Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1994 alitamka kwamba kanisa lake halina mamlaka yoyote ya kuwapa wanawake upadre. Mtu anayetamani siku moja makanisa yaungane tena ana haki ya kuhuzunika kuona tofauti inaongezeka. Huzuni hiyo naielewa.

Hata hivyo wale 12 walikuwa pia Wayahudi wote, na hakuna anayedai kasisi wa Butere awe Myahudi. Asubuhi ya ufufuo, Yesu alimtuma Maria Magdalene kwanza akawaambie hao mitume. Na Kanuni ya Imani ya Nikea tunayoikiri Jumapili inasema Mwana wa Mungu alifanyika mwanadamu. Kiswahili chetu kimeliweka sawa kabisa hapo: mwanadamu, si mwanamume. Kama ubinadamu alioutwaa Kristo haumhusishi mama yangu, basi mama yangu hakukombolewa. Na kama unamhusisha, sioni kwa nini asiweze kusimama mahali pake.

Wanaopinga wote wana sababu moja?

Hapana, na kuwachanganya ni kuwakosea. Liko kundi la Kiinjili, kwa mfano dayosisi ya Sydney kule Australia, ambalo shida yao ni uongozi: mwanamume ndiye kichwa. Kwao mwanamke akigawa kikombe si neno kubwa. Akiwa mkuu wa parishi na mwalimu wa watu wazima, hapo ndipo penye neno. Kundi la pili ni lile la mapokeo ya Kikatoliki nililolitaja juu, ambao shida yao ni sakramenti. Kwao mwanamke anaweza kuhubiri vizuri sana. Akisimama mezani, hawana hakika kama kilichofanyika ni Ushirika Mtakatifu. Makundi haya mawili hukaa upande mmoja wakati wa kura, lakini ukiwauliza kasisi ni nani watakupa majibu yanayopishana kabisa.

Kuna pia wasiopinga wala kuunga mkono, wanaosema tu "bado". Hao ni wengi kuliko tunavyodhani.

Ilikuwaje Uingereza mpaka ikachelewa hivyo?

Sinodi yao ina nyumba tatu, ya maaskofu, ya makasisi na ya walei, na jambo kama hili lilihitaji theluthi mbili katika kila nyumba. Tarehe 11 Novemba 1992 lilipita. Katika nyumba ya walei lilipata 169 kwa 82, na kama wawili tu wangegeuza kura, theluthi mbili zisingefika. Mamia ya makasisi walijiuzulu, wengine wakaenda Roma. Kwa waliobaki bila kukubali, kanisa liliwawekea maaskofu maalumu wa kuwahudumia.

Kisha ikaja zamu ya uaskofu. Mwaka 2012 sinodi ilikataa, na tena ni walei, kwa upungufu wa kura sita. Tarehe 14 Julai 2014 ikakubali, na Januari 2015 Libby Lane akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza mwanamke wa Kanisa la Uingereza.

Afrika ina maaskofu wanawake?

Inao. Wa kwanza katika Kanisa Anglikana barani alikuwa Ellinah Wamukoya wa Swaziland, nchi inayoitwa leo Eswatini, aliyewekwa wakfu Novemba 2012. Alikuwa mtendaji mkuu wa baraza la mji wa Manzini, mtu aliyezoea bajeti na maji taka na kodi za soko, na dayosisi maskini ilihitaji hasa mtu wa namna hiyo. Alifariki Januari 2021 wakati wa korona. Afrika Kusini ilimpata Margaret Vertue wa False Bay mwanzoni mwa 2013. Sudan Kusini ilimweka wakfu Elizabeth Awut Ngor kuwa askofu msaidizi wa Rumbek mwishoni mwa 2016, bila makeke, kiasi kwamba dunia ilikuja kujua baadaye.

Kwetu Kenya, Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo Januari 2021. Septemba mwaka huohuo Rose Okeno akawa askofu wa dayosisi ya Butere, mwanamke wa kwanza nchini kuongoza dayosisi nzima.

Katika Ushirika mzima wa kwanza alikuwa Barbara Harris, Mmarekani mweusi, aliyewekwa wakfu Boston tarehe 11 Februari 1989. Karibu miaka 15 kabla, mwezi Julai 1974, wanawake 11 waliwekewa mikono Philadelphia bila idhini ya kanisa, na aliyetangulia msafara akiwa amebeba msalaba alikuwa yeye Harris, mlei wa parishi hiyo. Nampenda mama huyo kwa ajili ya picha hiyo tu.

Je, kuteuliwa kwa Askofu Mkuu mwanamke wa Canterbury kutaligawa kanisa?

Sarah Mullally, aliyewahi kuwa mkuu wa wauguzi wa England na baadaye Askofu wa London, alitangazwa tarehe 3 Oktoba 2025 kuwa Askofu Mkuu wa 106. GAFCON, umoja wa Waanglikana wanaoshikilia mafundisho ya zamani, uliozaliwa Yerusalemu mwaka 2008 na wenye majimbo makubwa ya Afrika, ulimpinga siku hiyohiyo kupitia mwenyekiti wake, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda. Walitaja mambo mawili: kwamba Waanglikana walio wengi wanaamini uaskofu ni wa wanaume, na msimamo wake kuhusu kuwabariki wapenzi wa jinsia moja.

Hayo mawili tusiyafunge fundo moja. Rwanda yenyewe ina makasisi wanawake. Kenya, ambayo nayo imekuwa ndani ya GAFCON, ina maaskofu wanawake. Mtu anaweza kushika mafundisho ya zamani kabisa kuhusu ndoa na bado akampokea askofu mwanamke. Kivengere angekuwa mmoja wao. Nakerwa ninaposikia kasisi wetu mwanamke, mtu wa sala na kufunga, akiambiwa kwamba yeye ni hatua ya kwanza ya upotovu wa Ulaya. Mgawanyiko upo, ulianza kabla ya Mullally, na chanzo chake kikubwa ni hilo jambo la pili.

Na Tanzania?

Kanisa Anglikana la Tanzania lina wazazi wawili. Upande wa Zanzibar, Masasi na Tanga ulilelewa na misheni ya vyuo vikuu, UMCA, watu wa uvumba na kengele. Kanisa lao kuu la Mkunazini limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Upande wa Dodoma na Mpwapwa ulilelewa na CMS, misheni ya Kiinjili, watu wa mahubiri na Uamsho. Waliungana kuwa kanisa moja, lakini mapokeo hayakuyeyuka. Ndiyo maana jambo hili liliachiwa kila dayosisi, na Dodoma ina makasisi wanawake wakati dayosisi nyingine zimesita. Walutheri wa huko, KKKT, waliamua mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Nigeria ni habari nyingine. Mwaka 1993 Askofu wa Kwara aliwapa wanawake watatu ushemasi, na jimbo lake likakataa kuwatambua.

Nisipokubali, je, nikipokea Ushirika kwa kasisi mwanamke ni halali?

Kwa kanisa lako, kama limemwekea mikono kwa utaratibu, ni halali kabisa. Mkutano wa Lambeth wa 1998 ulisema wanaokubali na wasiokubali wote ni Waanglikana waaminifu, basi hakuna wa kukulazimisha.

Tuna mzee mmoja kanisani kwetu ambaye tangu tuletewe kasisi mwanamke hupanga mstari wa shemasi mwanamume kila Ushirika. Hata mstari huo ukiwa mrefu mpaka mlangoni, yeye husubiri. Hadi leo. Kasisi anajua, na baada ya ibada ndiye anayemmiminia chai.

Anaweza kuongoza ibada akiwa na mimba, au akiwa katika siku zake?

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, na nataka nilijibu kwa sauti. Ndiyo, anaweza.

Hofu hii inatoka Walawi 15. Lakini Marko 5 inatuonyesha mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 akimgusa Yesu, na badala ya Yesu kutiwa unajisi, yeye akapona. Tena swali ni la zamani kuliko parishi zetu zote. Agostino, Askofu Mkuu wa kwanza kabisa wa Canterbury, alimwandikia Papa Gregori akiuliza kama mwanamke aliye katika hedhi aruhusiwe kuingia kanisani na kupokea Ushirika. Jibu la Gregori, la mwanzoni mwa karne ya 7, lilikuwa kwamba asizuiwe, kwa maana hali ya maumbile si dhambi. Miaka 1,400 imepita na bado tunanong'ona.

Kuhusu mimba, nimeona kwa macho yangu. Kasisi wetu alihudumu hadi mwezi wa nane. Ngazi za madhabahu yetu ni tatu, za saruji, na ya katikati imemomonyoka ukingo. Akiwa na kanzu na stola na tumbo lile hakuweza kuona anapokanyaga, na mikono yote miwili ilikuwa na kikombe. Mvulana wa kuhudumia, wa miaka kama 13, alikuwa akimshika kiwiko kila akishuka. Hakuna aliyemfundisha.

Tumwiteje? Na mumewe je?

Msidhani ni swali dogo. Kwetu "Mama Mchungaji" ni mke wa mchungaji. Kasisi mwanamke alipofika, nusu ya kanisa lilimwita hivyo kwa heshima, na kila mgeni akauliza mchungaji mwenyewe yuko wapi. Kwenye mazishi msimamizi wa ratiba aliwahi kumwita "Mama Mchungaji atuombee", kisha akageuka kumtafuta mwanamume mwenye kola atoe mahubiri. Kola ilikuwa shingoni mwake yeye.

Mwiteni Kasisi, au Mchungaji, na jina lake. Lugha yetu imeturahisishia: neno kasisi halina jinsia, wala "yeye" haina. Anayetaka kumwita Mama kwa umri wake na amwite, maadamu cheo kinatangulia.

Mume wake ana kazi ngumu kuliko tunavyofikiri. Askofu akimhamisha mke, nyumba ya kasisi iko huko, shule ya watoto iko huku. Mke wa kasisi tunamtazamia awe mlezi wa akina mama. Mume wa kasisi hatujampa nafasi yoyote ila maswali. Wetu aliingia kwaya, sauti ya nne, na tukamwacha aimbe.

Binti yangu anasema ameitwa. Tuanzie wapi?

Msicheke, wala msikimbilie kuchinja mbuzi. Azungumze na kasisi wa parishi, peke yake, bila wazazi. Kisha jambo litafikishwa kwenye halmashauri ya parishi, kwa sababu wito hupimwa na watu wanaomfahamu mtu. Wakiridhika, linapanda kwa mkuu wa makasisi wa eneo na hatimaye kwa askofu, ambaye atamhoji na huenda akampa mwaka mmoja au miwili ya kuhudumu kwanza. Baadaye ni chuo. Kwa Kenya wengi hupitia Chuo Kikuu cha St Paul's, palepale Limuru, na Uganda wengi wamepitia Mukono. Ada ni mzigo, kwa hiyo ulizeni mapema dayosisi inasaidia kiasi gani na parishi itachanga nini.

Atafute cheti cha ubatizo na cha kipaimara mapema. Katika parishi za zamani rejista nyingine zimeliwa na mchwa na kupata nakala huchukua miezi. Na wakati anasubiri, apewe somo la Jumapili ijayo asome mbele ya watu. Mpeni Warumi 16. Majina ni mengi na magumu kutamka, afanye mazoezi nyumbani.